Uzi: Bati la biskuti la dola 12, na yaliyomo ndani yake kuhusu Maonesho ya Jimbo la Texas

Kuponi Tano

Wakuu, habari za wikendi. Uzi huu niliuahidi tangu mwezi wa tatu. Mlionikumbusha kila wiki mnisamehe, kazi za zamu zinanila.

Naishi Dallas, huu ni mwaka wa kumi na moja. Jumamosi asubuhi wenzangu wakienda uwanjani kucheza mpira, mimi naenda kwenye nyumba za marehemu. Msishtuke. Hapa mzee akifariki, watoto hawagombei sufuria. Wanaita watu wa kuuza, nyumba inafunguliwa siku mbili, kila kitu mpaka vijiko kinabandikwa bei, na mpita njia yeyote anaingia hadi chumbani. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni kama mwizi mgeni. Kwetu matanga hayajaanuliwa huwezi hata kuuliza kiti cha marehemu kiko wapi. Sasa nimezoea, Mungu anisamehe.

Basi nyumba moja upande wa mashariki mwa mji, kwenye gereji, nyuma ya makopo ya rangi yaliyokauka, nikaona bati la biskuti. Kutu pembeni, kibandiko cha dola 12. Nikalitikisa, likalia kama kibubu. Sikufungua hapo hapo. Ukifungua, mwenye kuuza naye anachungulia.

Nyumbani nikamwaga mezani. Sarafu moja ya nusu dola, nyeusi tii. Postikadi nne. Kikombe kidogo cha kioo, nusu chekundu nusu cheupe, kama cha kunywea kahawa chungu. Beji ya bati yenye pini. Utepe wa bluu wa mshindi, maandishi ya dhahabu yameanza kupukutika. Nusu ya tiketi ya mpira. Na kipande cha kuponi tano za kulipia chakula na bembea, zimeshikana, hazijachanwa, ndiyo maana najiita hivi humu. Vyote vya mahali pamoja: State Fair of Texas, maonesho makubwa ya jimbo yanayofanyika hapa Dallas kila mwaka, mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, siku 24.

Kwa walioko nyumbani, chukua Nanenane na Sabasaba, changanya na mnada wa ng'ombe, bembea, mpira wa watani wa jadi na mashindano ya kupika jemu. Ndiyo hayo.

Yalianza kwa ugomvi. Mwaka 1886 matajiri wa Dallas waliamua mji wao uwe na maonesho, wakashindwa kukubaliana yawe wapi. Kundi moja, akiwemo Kapteni William Gaston, lilichukua shamba mashariki mwa mji. Wauza zana za kilimo wakasema pale ni tope tupu, wakaenda kuanzisha ya kwao kaskazini. Mwezi wa kumi mji mmoja ukawa na maonesho mawili kwa wakati mmoja, yakifunguliwa kwa tofauti ya siku moja. Watu walijaa kote kuwili na pande zote mbili zikapata hasara, kwa hiyo mwaka uliofuata wakaungana. Shamba lile la "tope" ndiyo Fair Park ya leo, ekari 277.

Waliowaweka mjini zaidi ni farasi wa mbio na kamari yake. Mwaka 1903 bunge la Texas likapiga marufuku kamari ya farasi, mapato yakakatika, na mwaka 1904 ilibidi wauze eneo lote kwa manispaa ya Dallas kwa makubaliano kwamba kila msimu wa vuli maonesho yatafanyika hapo. Mpaka leo mpangilio ni huo.

Naendelea kwenye posti inayofuata, kitoto kinalia.

Ngosha88

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Ila mkuu kuhusu zile nyumba za marehemu, wewe ni jasiri. Tupia picha.

Kuponi Tano

Picha nitaweka, simu hii inagoma kupakia.

Nianze na sarafu, maana ndiyo iliyonitia aibu.

Nilivyoiona nyeusi nikadhani imechafuka. Nikafanya alichonifundisha bibi kwa vikuku vyake: dawa ya meno, chumvi kidogo, kitambaa, sugua. Ikang'aa kama sinia la harusi. Jumatatu nikaipeleka kwa duka la sarafu, nimevaa shati la kupiga pasi, tayari nimeshapiga hesabu ya kumtumia mama hela ya bati la nyumba. Mzee wa dukani akaichukua kwa ncha za vidole, akaiinamisha kwenye taa, akaigeuza. Akaniuliza: "Umeisugua wewe?" Nikasema ndiyo, kwa kujivunia. Akaiweka mezani polepole kama mtu anayeshusha jeneza.

Wakuu, sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi ni madini ya fedha yenyewe yakizeeka, na wakusanyaji wanaulipia. Ukisugua unaacha mikwaruzo midogo midogo ambayo macho yako hayaoni ila taa inaiona. Akanipa bei ya fedha ya kuyeyusha. Nikakataa, nikarudi nayo. Iko mezani sasa hivi, inang'aa kwa aibu yangu.

Sarafu yenyewe ni hii: mwaka 1936 Texas ilitimiza miaka 100 tangu ijitenge na Mexico, na Dallas ikashinda zabuni ya kuandaa sherehe kubwa. Ili kuchangisha fedha, serikali ya Marekani ilikubali kutengeneza nusu dola maalumu. Aliyeichora ni mchongaji Pompeo Coppini. Upande mmoja kuna tai amesimama mbele ya nyota kubwa ya pembe tano. Upande wa pili amejaza mpaka unakosa pa kuweka jicho: mwanamke mwenye mabawa amepiga goti, ngome ya Alamo, bendera sita juu yake, na vichwa vya Sam Houston na Stephen Austin, waasisi wa Texas, vidogo kama punje ya mtama. Sarafu ina upana wa milimita 30 na ushee! Mimi naona alizidisha, lakini shika lenzi uangalie, utamheshimu fundi.

Zilitengenezwa kuanzia 1934 hadi 1938, mwanzoni senti 50 ikiuzwa dola nzima. Za 1934 zilikuwa nyingi mno, zaidi ya 200,000, na sehemu kubwa ilirudishwa ikayeyushwa. Kuanzia 1935 zilipigwa kwenye viwanda vitatu: yenye D ni ya Denver, yenye S ni ya San Francisco, isiyo na herufi ni ya Philadelphia. Wakusanyaji walilazimika kununua tatu kila mwaka. Wizi wa kistaarabu. Kufika 1938 watu walikuwa wamechoka, zikabaki chini ya 4,000 kwa kila kiwanda, na ndizo ghali leo. Ya kwangu ni ya 1936, D.

Mama Salum

Kuponi Tano mwanangu, pole na sarafu. Nimecheka mpaka mjukuu kaamka. Sasa hicho kikombe chekundu kisuguliwe au kisisuguliwe? Maana nina kimoja alichoniletea dada yangu, kina jina la mtu nisiyemjua.

Kuponi Tano

Shikamoo mama. Kioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kwa mkono, usikiweke kwenye mashine wala usikikwangue. Ule wekundu si kioo chenyewe. Ni rangi iliyopakwa juu ya kioo cheupe ikachomwa. Vilikuja kutoka viwandani hivyo hivyo, bila maandishi. Kwenye maonesho alikaa fundi na gurudumu lake dogo la kuchongea, unamtajia jina, anakata ule wekundu, herufi zinatokea nyeupe. Unasubiri hapo hapo kama anayesubiri chapati. Vilivuma sana kuanzia miaka ya 1890 hadi kama 1910 na kitu.

Cha kwangu kinasema "Mother 1908". Herufi M imepinda kidogo, nadhani fundi aligongwa kiwiko na umati. Mtu alimchongea mama yake mwaka 1908, kikadumu miaka yote hiyo bila kuvunjika, kikaishia kwa Mngoni kwenye gereji. Jina kwenye hicho chako si la mwenye duka, ni la aliyependwa na mtu.

Kibonge wa Temeke

Uzi mzuri, ila nina swali la ugomvi. Hayo maonesho si ya enzi za ubaguzi huko Kusini? Mtu mweusi alikuwa anaingia? Isije ikawa tunakusanya tiketi za sherehe ambayo sisi tungefukuzwa mlangoni.

Kuponi Tano

Kibonge, hapo ndipo nilitaka tufike. Kaa vizuri.

Mtu mweusi alikuwa na siku yake. Siku moja. Kuanzia 1889 hadi 1910 waliita Colored People's Day, ikaja kufutwa, na kuanzia miaka ya 1930 ikarudi kwa jina la Negro Achievement Day. Na Oktoba 1923 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, nao walipewa siku yao rasmi. Ndiyo, Klan. Nimesoma mara mbili mwenyewe nikidhani nimekosea.

Sasa 1936. Sherehe ile ya miaka 100 ilifunguliwa Juni 6 ikafungwa Novemba 29. Majengo 50 hivi, gharama dola milioni 25, wageni zaidi ya milioni sita, Rais Roosevelt mwenyewe alikuja Juni 12. Msanifu mkuu alikuwa George Dahl. Vitu vya mwaka huo vimejaa kila mahali: sahani, vikombe, majivu ya sigara yana vyombo vyake, leso, visu vya mfukoni, funguo za mapambo, stempu ya senti tatu ya zambarau yenye Houston, Austin na Alamo. Stempu hiyo ilichapishwa zaidi ya milioni mia moja, kwa hiyo mtu asikuuzie kwa bei ya ng'ombe. Mtaani hapa huwezi kupita nyumba tatu za marehemu bila kukuta kitu cha 1936.

Katikati ya hayo majengo kulikuwa na moja liitwalo Hall of Negro Life, Ukumbi wa Maisha ya Watu Weusi. Jimbo halikutoa senti. Viongozi weusi wa Dallas akina A. Maceo Smith walihangaika mpaka serikali kuu ya Washington ikatoa dola 100,000. Ulifunguliwa Juni 19, siku ya Juneteenth, ambayo ndiyo siku watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru mwaka 1865. Waliouzuru walizidi 400,000, na wengi wao walikuwa wazungu.

Ndani ukutani kulikuwa na michoro minne mikubwa ya mchoraji mweusi Aaron Douglas. Inayojulikana kuwepo hadi leo ni miwili. Mmoja, "Into Bondage", uko Washington kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa. Watu wanatembea kwa msururu kuelekea baharini, mikono imefungwa, merikebu ziko mbali kabisa zimekuwa ndogo, mwanamke ameinua mikono yenye pingu, na kuna nyota moja inatoa mwale unaompiga mwanamume usoni. Sisi wa Kilwa na Bagamoyo mchoro ule hauhitaji maelezo. Wa pili, "Aspiration", uko San Francisco.

Ukumbi wenyewe? Ulibomolewa kabla ya maonesho ya 1937. Majengo mengine yakabaki, mengi yapo hadi leo na Fair Park ni urithi wa taifa. Huo ndio ulioondoshwa haraka.

Miaka kumi na moja ninazunguka nyumba za watu, maduka ya vitu vya kale, mabati ya biskuti. Sahani za 1936 nimeshika mia. Kitu cha ule ukumbi sijawahi kukishika hata kimoja. Si kipeperushi, si beji, si postikadi. Watu laki nne waliingia mle. Hakuna aliyetoka na karatasi mfukoni? Walitoka nazo. Ila nyumba zinazofunguliwa Jumamosi na kubandikwa bei ni za aina fulani ya watu, na karatasi zile ziliishia kwenye nyumba zilizovunjwa kupisha barabara, au ziko kwenye Biblia ya bibi mahali fulani Dallas Kusini, wala haziuzwi na zisiuzwe.

Ndiyo sababu nakusanya, Kibonge. Ukiwa na vitu mia mkononi unaanza kuona umbo la kile kisichokuwepo.

Kibonge wa Temeke

Nimenyamaza.

Papa Lubum

Ndugu yangu, miye ni wa Lubumbashi, nakaa Fort Worth. Pale pale ulipokuwa ule ukumbi leo kuna makumbusho ya Waafrika-Waamerika, ndani ya Fair Park. Nilipeleka watoto. Ilihamia hapo mwaka 1993. Ukitoka mlangoni unasikia harufu ya mafuta ya kukaangia na kelele za bembea. Watoto walitaka bembea, nikawaambia kwanza mumalize hapa.

Na musisahau vijana wa 1955. Baraza la vijana la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mlezi wao akiwa Bi Juanita Craft, walisimama na mabango nje siku ile ile ya "siku ya weusi", wakiwaambia watu wao wasiuze heshima yao kwa bembea ya ubaguzi. Ubaguzi ulikuja kuisha kabisa miaka ya 1960.

Kuponi Tano

Asante Papa. Bango moja tu la siku ile, la kadibodi na kalamu, kwangu lina thamani kuliko sarafu zote za Coppini. Hayapatikani. Mabango hutupwa jioni ile ile.

Ngosha88

Tupumzike kidogo na huzuni. Yule jitu la ng'ombe liko wapi? Nimeona picha, jamaa mrefu kofia kubwa.

Kuponi Tano

Big Tex, ile sanamu kubwa ya maonesho! Huyu kaanza kama Father Christmas, mkuu, sikutanii. Mwaka 1949 wafanyabiashara wa mji mdogo wa Kerens, kusini-mashariki mwa Dallas, walitengeneza Father Christmas wa mabomba ya chuma na karatasi za kubandika, urefu futi 49, ili watu waje kununua vitu vya Krismasi kwao. Baada ya misimu miwili hamu ikaisha. R. L. Thornton, bosi wa maonesho, akamnunua kwa dola 750. Msanii Jack Bridges akamgeuza mchunga ng'ombe. Akazinduliwa 1952, futi 52, na mwaka uliofuata akapewa sauti na taya linalochezacheza: "Howdy, folks!"

Oktoba 19, 2012, mwaka aliotimiza miaka 60, asubuhi, hitilafu ya umeme ilianzia kwenye buti lake. Nguo, kofia, uso, vyote viliteketea dakika chache mbele za watu, ikabaki mikono na fremu ya chuma. Watu wazima walilia. Alirudi 2013, futi 55, kofia mpya, buti namba 96.

Kwa mkusanyaji, tarehe hiyo ni mstari. Kitu chochote chenye sura ya Tex wa zamani, yaani kabla ya moto, kina hadhi yake. Sura zinatofautiana, mwangalie mdomo. Wenye tamaa wanauza fulana mpya zilizofuliwa na majivu wakidai ni za 1980.

Jamhuri254

Salamu kutoka Nairobi. Umesema feki. Sasa tuambie, mtu atajuaje beji ya kweli? Babangu alikuwa mtu wa shoo ya ASK, chama cha kilimo cha Kenya, alituachia sanduku la beji za kadibodi zenye kamba, zile za kufunga kwa kifungo cha koti. Zingine zimeandikwa "Royal", kabla ya uhuru. Kuna jamaa anazitaka kwa bei ya soda.

Kuponi Tano

Usiziuze! ASK ilianza 1901, hizo za "Royal" hazitachapishwa tena. Zitie kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si plastiki, joto la plastiki linatoa jasho na wino unahama.

Za kwetu za bati: beji za zamani ni bati, juu yake karatasi yenye picha, juu yake ngozi nyembamba ya seluloidi, plastiki ya zamani. Kampuni iliyozitawala ni Whitehead & Hoag wa Newark, hati yao ya ugunduzi ni ya 1896. Igeuze: mara nyingi ndani ya mgongo kuna karatasi ya duara yenye jina la kampuni na tarehe za hati. Feki nyingi hawajisumbui na mgongo. Halafu angalia kutu. Kutu ya kweli inatoka ndani inakuja nje, inatia madoa chini ya seluloidi. Kutu ya kupikwa kwa siki iko juu juu, inatoka na kidole. Yangu ilikuwa na doa la kahawia linalofanana na ramani ya Ziwa Tanganyika.

Postikadi nazo zinasema umri wake. Nyuma ikiwa haijagawanywa, yaani hakuna mstari wa katikati, ni kabla ya Machi 1907, maana kabla ya hapo sheria ya Marekani haikuruhusu kuandika ujumbe upande wa anwani. Ndiyo maana kadi za zamani sana watu wameandika juu ya picha yenyewe, kwenye anga, kwenye paa la jengo. Za miaka ya 1930 uso wake una mkwaruzo kama kitambaa cha kitani. Na kama ni ya Curt Teich, wachapaji wa kadi wa Chicago, tafuta namba ndogo. Ikianza na 6A-H, hiyo 6 ni mwaka na A ni miaka ya 1930, kwa hiyo 1936. Herufi B ingekuwa miaka ya 1940. Nilipogundua hili nilikesha nikigeuza kadi za watu hadi mke wangu akauliza kama nimejiunga na usalama.

Mla Soseji

Mmesahau chakula. Corny Dog ya Fletcher, 1942. Soseji kwenye kijiti, imechovywa uji mzito wa unga wa mahindi, ikazamishwa kwenye mafuta. Ndugu wawili, Neil na Carl. Nina kofia yao ya karatasi, niliambiwa ni ya 1942.

Kuponi Tano

Mkuu, umekula soseji, sasa umeze na hili: kuanzia 1942 hadi 1945 maonesho hayakufanyika kwa sababu ya vita. Fletcher wenyewe husema walianza kati ya 1938 na 1942. Aliyekuuzia kofia kwa mwaka huo kasoma tangazo, hajasoma kalenda. Kofia yenyewe inaweza kuwa ya zamani kweli, lakini mwaka huo hapana.

Hesabu ya miaka iliyokosekana ni silaha kubwa kuliko lenzi. Hapakuwa na maonesho 1918, eneo lilichukuliwa na jeshi. 1935 wakijenga, 1936 na 1937 zilikuwa sherehe nyingine kwenye uwanja ule ule. 1942 hadi 1945 vita. 2020 korona. Mtu akikuletea utepe wa mshindi wa State Fair wa 1943, mpe chai umruhusu aende.

Mla Soseji

Nilitoa dola 40.

Mama Salum

Pole baba. Sisi wote tumenunua kitu.

Huo utepe wa bluu mbona hujausema? Hapa Tabata ninao mmoja. Mweupe. Binti yangu alinichukua nikakaa kwake Texas miezi sita nikimsaidia uzazi, nikawa na upweke, nikafuma vitambaa vya meza kama tulivyofundishwa na masista. Akavipeleka kwenye mashindano bila kuniambia. Siku tunakwenda kutembea, nikaona kitambaa changu ndani ya kabati la kioo, kina utepe. Nikamshika mzungu wa pembeni mkono, nikamwambia kwa Kiswahili, "Hicho changu!" Akanipongeza kwa Kiingereza. Tulielewana.

Binti aliniambia mweupe ni wa tatu. Nimeuweka pembeni ya picha ya harusi.

Kuponi Tano

Mama, umenifunga. Hapa bluu ndiyo ya kwanza, nyekundu ya pili, nyeupe ya tatu. Wa kwangu hauna jina nyuma. Sijui ulikuwa wa jemu, mto wa kulalia au kondoo. Wako una mtu. Chukua kalamu ya risasi, si ya wino, andika nyuma ya karatasi yake jina lako, mwaka na kitambaa gani. Fanya leo. Wajukuu hawatakumbuka.

Kibonge wa Temeke

Nimerudi. Sasa sisi Sabasaba tuna nini? Nimekulia ukuta wa Kilwa Road, tumeruka ule ukuta miaka yote, maonesho ya 49 yalikuwa 2025, na nyumbani sina hata karatasi.

Ila nimekumbuka kitu. Bibi ana mfuko wa plastiki wa Sabasaba, ule wenye nembo, umekunjwa pembetatu chini ya godoro. Ndani kaweka kanga ya sanda.

Ngosha88

Mifuko ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Bibi yako anamiliki kitu adimu na pia kosa la jinai.

Kibonge wa Temeke

Nikimwomba atanipa kibao. Ngoja nikapige picha tu, sitaugusa.

Jamhuri254

Kuponi Tano, ulisema postikadi nne. Zimeandikwa? Aliandika nini mtu wa 1936?

Kuponi Tano

Tatu ziko tupu. Moja ina picha ya bwawa refu la Esplanade usiku, taa za rangi, anga la bluu ambalo halipo duniani. Nyuma kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa kike, kwa dada yake. Nilidhani nitakuta Roosevelt, majengo, umati. Hakuna. Anasema viatu vipya vimemchubua visigino, amekula vizuri, na anamwomba dada yake asisahau kuwanywesha kuku maana joto ni kali. Stempu ni ile ile ya zambarau, senti tatu, wakati kadi ilihitaji senti moja tu. Alilipa zaidi. Labda aliipenda rangi.

Mama Salum

Kuku walikunywa?

Kuponi Tano

Kadi haisemi mama.

Wakuu naingia zamu saa tano. Septemba mwishoni nitakwenda siku ya ufunguzi kama kawaida, anayetaka kuponi ya karatasi aseme sasa kabla hawajahamia zote kwenye simu.

Ngosha88

Mimi moja.

Mla Soseji

Mimi kofia. Iwe ya mwaka huu tafadhali, na uandike mwaka nyuma.